UZI MAALUM: Kuingiza PAYE, NSSF na makato mengine ya mishahara kwenye programu ya uhasibu

Mhasibu_Makole (Dodoma)

Wakuu, habari za kazi.

Nashughulika na vitabu vya biashara ndogo na za kati hapa Dodoma: maduka ya vifaa vya ujenzi, nyumba za wageni, shule binafsi, karakana za aluminiamu. Mji umekua haraka tangu Serikali ihamie, na kila mwenye biashara sasa anataka programu ya uhasibu. Ni jambo jema. Lakini vitabu vingi ninavyopokea vikitoka kwa mtu mwingine, sehemu ya mishahara ndiyo imevurugika kuliko zote. Kodi imelipwa, risiti zipo, mwajiri hana nia mbaya, ila ukifungua leja (kitabu cha akaunti) hakuna kinachosomana na kingine.

Naomba tuliweke sawa, hasa kwa vijana wanaoanza kazi. PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, si kodi ya kampuni. Ni kodi ya mfanyakazi. Kampuni imeikata tu, inaishika siku chache, na inatakiwa iifikishe TRA (Mamlaka ya Mapato) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Vivyo hivyo ile 10% ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) anayokatwa mfanyakazi, na marejesho ya mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu). Fedha zote hizo zimo tayari ndani ya mshahara ghafi, yaani mshahara kabla ya makato. Zikikatwa zinakaa kwenye akaunti za dhima (madeni ambayo kampuni inadaiwa), zikilipwa zinatoka kwenye akaunti hizo hizo. Haziingii gharama mara ya pili kwa njia yoyote.

Tuchukue karakana yenye watu 8. Fundi mkuu ana mshahara wa msingi 800,000 na posho ya nyumba 100,000, ghafi 900,000. Alisoma chuo kwa mkopo.

Anza na NSSF: 10% ya ghafi, yaani 90,000. Hii inaondolewa kabla ya kupiga kodi, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 810,000. Kiasi hicho kiko kwenye ngazi ya kodi ya 760,000 hadi 1,000,000, ambayo kodi yake ni 68,000 pamoja na 25% ya kinachozidi 760,000. Kimezidi 50,000, 25% yake ni 12,500. PAYE ni 80,500. HESLB ni 15% ya mshahara wa msingi, 120,000, na hii haipunguzi kodi hata shilingi. Wengi huitoa kabla ya kodi na hapo PAYE inatoka pungufu. Fundi anapokea mkononi 609,500.

Jarida la kwanza (jarida ni maingizo ya pande mbili kwenye vitabu; hapa debiti ni gharama, krediti ni tunachodaiwa), tarehe ya mwisho wa mwezi:

Debiti: Gharama ya Mishahara 900,000
Krediti: PAYE ya Kulipwa 80,500
Krediti: NSSF ya Kulipwa 90,000
Krediti: HESLB ya Kulipwa 120,000
Krediti: Mishahara ya Kulipwa 609,500

Jarida la pili ni mzigo wa mwajiri mwenyewe, ambao hauonekani kabisa kwenye mshahara wa fundi, yaani NSSF ya mwajiri na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi):

Debiti: Gharama ya NSSF ya Mwajiri 90,000
Debiti: Gharama ya WCF 4,500
Krediti: NSSF ya Kulipwa 90,000
Krediti: WCF ya Kulipwa 4,500

WCF ni 0.5% ya ghafi na analipa mwajiri peke yake. Kumkata mfanyakazi fedha ya WCF ni kosa, na nimeshaona slipu za mshahara zenye mstari huo.

Siku ya kulipa, kila malipo yanadebiti dhima yake na kukrediti benki: mishahara 609,500, TRA 80,500, NSSF 180,000, HESLB 120,000, WCF 4,500. Jumla 994,500. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kuwa na fundi huyo kwa mwezi, na akaunti zote tano za dhima zinarudi sifuri.

Karibuni kwa maswali, na mwenye kunisahihisha anisahihishe.


BintiKizota

Asante sana kaka, nimehifadhi. Mimi natumia programu ya QuickBooks kwenye duka la jumla. Nilipofungua sehemu yake ya mishahara iliniuliza majimbo na namba ambazo hapa hatuna. Ninafanyaje?


Mhasibu_Makole

Dada, sehemu hiyo ilitengenezwa kwa sheria za Marekani, ndiyo maana inakuuliza majimbo. Iache. Hesabu ya mishahara ifanyie kwenye Excel au programu ya mishahara ya hapa nchini, kisha QuickBooks uipelekee jarida tu.

Kwenye orodha ya akaunti tengeneza akaunti mama, iite Makato ya Kulipwa, aina yake iwe dhima ya muda mfupi. Chini yake weka PAYE, NSSF, HESLB, WCF, kila moja na akaunti yake. Mishahara ya Kulipwa iwe pembeni peke yake.

Halafu kuna ile nafasi ya kuhifadhi jarida lijirudie kila mwezi. Hifadhi majina ya akaunti, tarakimu ziache wazi. Mtu akiacha kazi mwezi wa tatu na jarida likaendelea kujirudia lenyewe, utakuwa unadaiwa PAYE ya mtu ambaye hayupo.

Ukilipa TRA, kwenye ukurasa wa malipo programu itakuuliza akaunti ya kudebiti. Hapo ndipo watu wanapoteleza. Mkono unaenda wenyewe kwenye "Gharama za Kodi" kwa sababu aliyelipwa ni TRA. Chagua PAYE ya Kulipwa.


Kinu_Singida

Mkuu, nakusoma vizuri lakini naona unatupa kazi ya ziada. Sisi tuna kinu cha alizeti huku Singida. Tunaandika kilichotoka benki, basi. Mishahara 609,500, TRA 80,500, NSSF 180,000, HESLB 120,000, WCF 4,500. Jumla inatoka 994,500 ile ile yako. Faida haibadiliki. Hayo majarida yote ya nini?


Mhasibu_Makole

Kaka, swali lako ni zuri, na ndilo linalofanya kosa hili lidumu miaka: jumla inatoka sawa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Kwanza angalia mwisho wa mwaka. Mshahara wa Desemba umelipa Desemba, lakini PAYE yake unailipa Januari kabla ya tarehe 7. Ukiandika kilichotoka benki tu, kodi ya Desemba inakuwa gharama ya mwaka mwingine, na mizania (taarifa ya mali na madeni) ya 31 Desemba inasema hudaiwi kitu wakati unadaiwa na mifuko yote. Benki ikikupa mkopo kwa mizania hiyo, umewapa taarifa isiyo kweli bila kukusudia.

Pili, na hili lina fedha ndani yake. Ile 80,500 umeiweka wapi? Wengi wanaiweka kwenye akaunti inayoitwa Kodi. Anayeandaa ritani (taarifa ya kodi) ya mwaka akikuta akaunti ya Kodi atadhani ni kodi ya mapato ya kampuni, ambayo haikubaliki kama gharama, atairudisha juu ya faida. Kwa fundi mmoja ni 80,500 mara 12, yaani 966,000. Kodi ya kampuni ni 30%, kwa hiyo umelipa 289,800 usiyopaswa kulipa. Kwa mfanyakazi mmoja tu. Piga kwa watu wako wote wa kinuni.

Tatu, mshahara kwenye vitabu vyako unasomeka 609,500, wakati ritani ya PAYE uliyopeleka TRA inasema ghafi ni 900,000. Mkaguzi akiziweka pamoja utaeleza nini?


Mzee_wa_Leja

Vijana, hamjambo.

Hilo la tatu alilosema mwenzenu msilipite haraka. Jambo la mwanzo mkaguzi wa kodi analofanya akifika ofisini kwako ni kuchukua gharama ya mishahara kwenye taarifa ya mapato na matumizi, aweke pembeni ya jumla ya ghafi kwenye ritani za PAYE za mwaka huo. Vitabu vikionyesha kubwa kuliko ritani, tofauti yote anaihesabu kuwa ni mishahara ambayo haikukatwa kodi, na kisheria asiyekata anadaiwa yeye mwajiri. Vitabu vikionyesha ndogo, atataka kujua ghafi uliyotangaza ilitoka wapi. Pande zote mbili una kazi ya kujieleza.

Kwa hiyo mimi kila robo mwaka nafanya ulinganisho huo mwenyewe kabla hajaja mtu. Ghafi ya leja, ghafi ya ritani, ghafi ya NSSF. Zikitofautiana natafuta sababu ikiwa bado mbichi.

Na kijana wa Singida, fedha uliyomkata mfanyakazi ni kama rambirambi ambayo jirani amekupa uipeleke msibani. Huwezi kuiandika kwenye matumizi ya nyumba yako.


Kinu_Singida

Shikamoo mzee. Nimeelewa. Nitaanza kuirekebisha kuanzia Januari ya mwaka huu.

Sasa kwetu msimu ukianza tunaongeza watu. Tukifika kumi SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) inaingiaje?


Mhasibu_Makole

SDL inamhusu mwajiri mwenye watu 10 au zaidi. Kabla ya 2021 ilikuwa watu 4, ndiyo maana bado unakuta karakana ndogo zinailipa kwa mazoea. Inaingia jarida la pili, pamoja na WCF: debiti Gharama ya SDL, krediti SDL ya Kulipwa. Inalipwa TRA kwa tarehe ile ile ya PAYE, lakini ipe akaunti yake, usiichanganye na PAYE kwa sababu tu zote zinaenda TRA. Moja ni gharama yako, nyingine si yako.

Kiwango chake kimekuwa kikishushwa na Sheria za Fedha. Julai 2023 kilitoka 4% kwenda 3.5%. Kwa hiyo usiandike asilimia ndani ya fomula. Iweke kwenye seli yake juu kabisa, na pembeni tarehe kilipoanza kutumika. Kila Julai kabla ya kufunga mishahara unafungua Sheria ya Fedha mpya na kugusa seli hiyo moja.


Bosari_Ihumwa

Habari zenu wakuu. Natunza fedha za shule binafsi. Hapa walimu wanaajiriwa kwa makubaliano ya fedha ya mkononi. Mkurugenzi anamwambia mwalimu "utapokea laki saba", na yeye anataka niandike gharama ya mshahara 700,000, halafu kodi "shule italipa". Nimemweleza lakini anasema kodi ni ya shule kwa kuwa shule ndiyo inatoa. Nisaidieni hoja.


Mhasibu_Makole

Hili ni tatizo kubwa la shule na hoteli za hapa. Mwambie mkurugenzi hivi, kwa heshima: akiahidi laki saba mkononi, kwa kweli ameahidi ghafi inayozidi hapo, na sheria inaitazama ile ghafi.

Unairudisha nyuma. Kwa mwalimu asiye na mkopo wa HESLB, tafuta kiasi ambacho ukiondoa PAYE kinabaki 700,000. Kwenye ngazi ya 25% kinachobaki ni 75% ya kiasi hicho pamoja na 122,000. Kwa hiyo 700,000 toa 122,000, gawa kwa 0.75, unapata 770,667. Hiyo ni baada ya NSSF, yaani 90% ya ghafi. Gawa kwa 0.9: ghafi ni 856,296.

Hakiki. NSSF 85,630, inabaki 770,666. PAYE ni 68,000 na 25% ya 10,666, jumla 70,667. Mkononi 699,999 kwa sababu ya senti tulizokata. Ukiacha programu ibebe senti inatoka 700,000 kamili.

Kwa hiyo jarida linadebiti mishahara 856,296, na mchango wa shule wa NSSF 85,630 juu yake. Ukiandika 700,000 umepunguza gharama ya shule, umempa mwalimu slipu isiyo sahihi, na siku akienda NSSF kuangalia michango yake atakuta haifanani na slipu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apewe maelezo ya maandishi ya malipo na makato yake. Aonyeshwe ghafi. Ana haki ya kujua kodi inalipwa kwa jina lake.

Kwa mikataba mipya mshauri mkurugenzi aandike ghafi. Sheria ya Fedha ikibadilisha viwango, aliyeahidi mkononi ndiye anayebeba mabadiliko, na mara nyingi hajui.


Bosari_Ihumwa

Ubarikiwe sana. Hiyo hesabu naichapisha nimpelekee. La pili: tuna mwalimu wa shule ya Serikali anakuja kufundisha jioni kwetu, tunampa 300,000. Kwa jedwali la ngazi za PAYE inatoka kodi ndogo sana, 2,400. Ni sahihi?


Mhasibu_Makole

Hapana. Kwenu ni ajira yake ya pili. Ngazi za jedwali ameshazitumia kwa mwajiri wake wa kwanza. Ajira ya pili inakatwa 30% ya malipo yote bila kupita kwenye jedwali, kwa hiyo 90,000. Kwenye Excel weka safu inayosema "ajira ya kwanza / ya pili" ili fomula ijue njia ya kufuata. Na mwalimu mweleze kabla hajaanza, asije akashtuka siku ya mshahara.


Kijana_wa_Chuo

Wakuu naomba kuuliza. Nimemaliza chuo cha biashara CBE hapa Dodoma, mafunzo kwa vitendo nilifanya kwenye ofisi ya umma. Sasa nimeajiriwa kampuni ya usafirishaji. Nilizoea mchango wa hifadhi ya jamii uwe mfanyakazi 5% na mwajiri 15%. Nikiweka hivyo kwenye programu kuna shida?


Mzee_wa_Leja

Mwanangu, hiyo ni PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma ulioanza 2018. Mji huu umejaa watumishi wa umma, vijana wengi mnajifunzia huko, mkija sekta binafsi mnakuja na viwango vya huko. Sekta binafsi ni NSSF, jumla 20% vilevile, na utaratibu wa kawaida ni 10 kwa 10.


Mhasibu_Makole

Nimuongezee mzee kidogo. Sheria inasema mfanyakazi asikatwe zaidi ya 10%. Mwajiri akiamua kubeba 15 na mfanyakazi 5, ruksa, ila iwe uamuzi wa mwajiri ulioandikwa, isiwe ni mazoea ya mhasibu.

Na kosa hilo halikai peke yake, linatembea hadi kwenye kodi. Chukua fundi wetu wa 900,000. Ukimkata 5% badala ya 10%, kinachotozwa kodi kinakuwa 855,000 na PAYE inapanda kutoka 80,500 hadi 91,750. TRA umewapa 11,250 zaidi, na kampuni imebeba 45,000 ya NSSF ambayo haikukusudia. Ukigundua baada ya miezi kadhaa unarekebisha sehemu nne: slipu, leja, TRA na NSSF.

Vilevile usihamishe 3% ya NHIF (bima ya afya) ya mtumishi wa umma kwenye mishahara ya kampuni bila kuuliza kampuni ina utaratibu gani wa bima. Na makato yasiyotokana na sheria, kama SACCOS au harambee ya ofisi, yawe na ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi kwenye faili.


Zabibu_Hombolo

Habari. Sisi tunatumia programu ya Tally kwenye kiwanda kidogo cha kusindika zabibu. Kuna sehemu ya mishahara ndani yake. Nayo tuiache?


Mhasibu_Makole

Tally inawezekana kuitumia, ila ujue makato ya kisheria yaliyokuja nayo ni ya India. Usiyawashe. Tengeneza vipengele vyako mwenyewe: NSSF, PAYE, HESLB, kila kimoja kama makato ya mfanyakazi, na leja yake iwe chini ya dhima za muda mfupi. Panga NSSF ihesabiwe kabla ya PAYE, kwa sababu PAYE inaitegemea. Kila kiwango kina tarehe ya kuanzia, ijaze. Hapo Tally ni nzuri: ukirudi kutazama mwezi wa zamani inatumia kiwango cha wakati ule.

Kama hutaki kuhangaika na vipengele hivyo, jarida kwa F7 na malipo kwa F5 vinatosha kabisa kwa kiwanda kidogo.


Zabibu_Hombolo

Nimekupata. Sisi tunayo akaunti moja tu inaitwa Makato, kila kitu kinaingia humo. Ni kosa?


Mhasibu_Makole

Vitabu vitafunga, urari (ulinganifu wa debiti na krediti) utakaa sawa. Lakini salio likibaki 45,000 utajuaje ni ya nani? Tena kila mfuko una tarehe zake: TRA siku 7 baada ya mwezi, HESLB siku 15. Akaunti moja inaficha ulichochelewa nyuma ya ulichozidisha. Tenganisha.

Ila kwenye majina ya wafanyakazi nina msimamo tofauti. Wapo wanaoingiza jarida kwa kila mfanyakazi na jina lake. Mimi napeleka jumla ya mwezi, na orodha yenye majina inakaa kwenye faili la mishahara lenye nywila. Programu ya uhasibu inafunguliwa na watu wengi, muuza duka, mtunza stoo, na mshahara wa mtu si habari ya kila mtu.


Mama_Hoteli

Mimi si mhasibu, nina nyumba ya wageni maeneo ya Area D, hesabu nafanyiwa. Nimefungua programu leo nikakuta PAYE ya Kulipwa inasema nadaiwa 1,400,000 na zaidi. Risiti zote za TRA ninazo, hakuna mwezi niliochelewa. Nimeogopa sana. Nadaiwa kweli?


Mhasibu_Makole

Pole mama, usiogope. Kwa maelezo yako huenda hudaiwi hata shilingi. Mwombe anayekufanyia hesabu afungue leja ya PAYE ya Kulipwa. Akikuta upande wa krediti una miezi yote na upande wa debiti uko mtupu, basi malipo yako yaliingizwa mahali pengine. Afungue akaunti ya gharama za kodi, atayakuta yamejipanga humo mwezi kwa mwezi.

Yaani jarida la mshahara lilifanywa sawa, gharama ikaandikwa nzima kwa ghafi. Kisha siku ya kulipa TRA gharama ikaandikwa tena. Hoteli yako inaonekana ina gharama kubwa kuliko ukweli, na faida yako imepunguzwa kwa kiasi hicho hicho.

Marekebisho: alinganishe kila risiti na mwezi wake kwanza. Kisha kwa mwaka huu ambao haujafungwa, debiti PAYE ya Kulipwa, krediti gharama ya kodi. Kama kuna kiasi cha mwaka uliofungwa na ritani yake imeshapelekwa, asikiguse kimya kimya. Kinapita kwenye faida iliyolimbikizwa, na kwa kuwa faida ya mwaka ule ilitangazwa pungufu, kodi ya mwaka ule nayo inarekebishwa. Hapo awashirikishe mkaguzi wenu na TRA. Ni bora mjitokeze wenyewe.


Mama_Hoteli

Asante mwanangu. Amefungua sasa hivi, ni kama ulivyosema, yako kwenye akaunti ya kodi. Yote ya mwaka huu.


BintiKizota

Jamani nina moja la mwisho. Advansi. Wafanyakazi wetu wanachukua sehemu ya mshahara katikati ya mwezi, tunaiandika gharama ya mshahara siku hiyo hiyo.


Mzee_wa_Leja

Hapana binti. Advansi ni deni la mfanyakazi kwako, ni mali ya kampuni hadi airudishe. Siku ya kutoa, debiti Advansi za Wafanyakazi, krediti fedha taslimu. Mwisho wa mwezi, kwenye jarida la mshahara, ongeza mstari wa krediti Advansi za Wafanyakazi. Kinachopungua ni fedha ya mkononi tu. PAYE na NSSF zinapigwa kwa ghafi nzima kana kwamba hakuchukua kitu.


Kijana_wa_Chuo

Mkuu Makole, tunaomba fomula ya Excel ya PAYE. Yangu ina IF nyingi hadi siielewi, na nimeikuta ina 130,500 mahali fulani.


Mhasibu_Makole

Ukiona 22,500, 70,500 au 130,500 ndani ya fomula, hiyo ni ya kabla ya Julai 2021, wakati ngazi ya kwanza ilikuwa 9%. Sasa ni 8%, na kwa fomula hiyo ya zamani kila anayevuka 520,000 unamkata 2,500 zaidi kila mwezi. Itupe.

Tumia hii. Kiasi baada ya NSSF kikiwa kwenye seli D2:

=MAX(0,D2-270000)*8%+MAX(0,D2-520000)*12%+MAX(0,D2-760000)*5%+MAX(0,D2-1000000)*5%

Haina IF hata moja. Kila kipande kinaongeza tofauti ya asilimia pale ngazi inapobadilika: 8, kisha 12 inafikisha 20, kisha 5 inafikisha 25, kisha 5 inafikisha 30. Baadhi ya kompyuta zinataka nukta mkato badala ya mkato, jaribu zote mbili.

Kabla hujaitumia ijaribu. Weka 270,000 itoe sifuri. Weka 520,000 itoe 20,000. Weka 760,000 itoe 68,000. Weka 1,000,000 itoe 128,000. Kisha weka 810,000 ya fundi wetu, itoe 80,500. Ukipata tofauti, piga picha ya skrini uiweke hapa, ila funika majina ya wafanyakazi.